Sanduku la kufuli tatu

Laptopu yangu ya kwanza haikuwa na betri. Yaani ilikuwepo, lakini ya kujazia nafasi tu. Waya ukichomoka, skrini inakuwa nyeusi hapo hapo. Niliinunua Kariakoo, used ya Dubai, RAM GB 4, na muuzaji alinituliza kwa maneno ambayo nadhani huwaambia wote: "Mdogo wangu, hii ni mashine ya kazi. Betri utaweka mbele ya safari." Hiyo mbele ya safari ilichukua karibu miaka miwili, na namna nilivyoipata betri yenyewe nitaieleza baadaye, maana sijivunii.

Darasani huniona mtu wa nidhamu kwa sababu nahifadhi kazi kila baada ya mistari mitano, sita. Si nidhamu, ni woga wa umeme. Mwaka wa kwanza wa chuo, hosteli Dodoma, nilikuwa nimeandika zoezi la lugha ya C saa tatu nzima bila kuhifadhi. Nikasikia feni ya chumba cha pili inapunguza mwendo, na kabla sijageuza macho nilishajua. Baadaye tulipofundishwa Git, ile programu aliyoitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005 ili kutunza msimbo wa Linux, wengi waliiona kero: uandike, halafu ueleze ulichoandika, halafu ukomiti, yaani uuhifadhi rasmi. Mimi niliipenda siku ya kwanza. Kwangu ilikuwa betri.

Kitu kingine nilichokipata kwa kukosa betri ni penseli. Vimbweta, zile meza za zege za kusomea nje, nilivyokuwa nakaa havikuwa na soketi karibu, na hosteli kwa kelele sisomi. Basi nilikuwa nakaa kimbwetani na daftari, naandika programu kwa penseli, kisha naipitia kwa kidole: hapa x ni 3, hapa inakuwa 7, hapa tunarudi juu. Hadi leo kitu kigumu nakianza hivyo. Wenzangu wananitania kwamba mimi ni kompyuta ya mwaka 47.

Mimi ni mtoto wa Muheza, Tanga. Mama anauza machungwa, baba ni fundi redio na simu pale sokoni. Sekondari niliyosoma haikuwa na kompyuta hata moja. Ya kwanza niliigusa kwenye steshenari karibu na stendi, baada ya kumaliza kidato cha sita. Mwenye duka alinilipa kwa ukurasa. Nilichapa barua za maombi ya kazi, mikataba ya viwanja, ratiba za mazishi. Vidole vyangu viliijua kibodi kabla sijajua programu ni mnyama gani.

Kwa baba kuna kitu nilikiona kila siku bila kukithamini. Mtu akileta redio, baba haifungui. Anaiweka mezani, anamvutia mwenyewe kigoda, anaanza maswali. Ilianza lini? Ilikoroma kwanza au ilizima ghafla? Nani aliigusa mara ya mwisho? Mimi nilikuwa naona anapoteza muda. Bisibisi hiyo hapo, si ufungue tu? Siku moja mzee mmoja, kwenye swali kama la nne, akakumbuka kuwa mjukuu wake ndiye aliyebadilisha mawe ya redio. Kufunua kifuniko nyuma, kumbe moja limewekwa kichwa chini. Bisibisi haikuguswa. Baba hakumtoza kitu.

Mama, mbali na machungwa, ni katibu wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Wako wanawake 24, wanakutana kila Jumamosi saa tisa alasiri chini ya mwembe. Sanduku lao ni la bati, la bluu, lina kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo wanawake watatu wa nyumba tatu tofauti. Sanduku lenyewe analala nalo wa nne, mweka hazina. Hisa moja ni 2,000. Kila wiki unanunua kuanzia moja hadi tano na zinagongwa mhuri kwenye kitabu chako. Hela inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na kabla sanduku halijafungwa kila mmoja anakariri kilichobaki. Jumamosi inayofuata swali la kwanza ni hilo: tuliacha shilingi ngapi? Mtindo huu wa sanduku na mhuri una historia yake. Ulianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, kwa wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma. Ndiyo maana kila kitu ndani yake unaweza kukishika, kukiona au kukisikia.

Nilikuwa nakijua kikoba hiki kuliko mtoto yeyote wa pale. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipotaka vikundi visajiliwe, ilibidi katiba yao ichapwe vizuri, na aliyeichapa pale steshenari ni mimi, kifungu kwa kifungu. Kumbuka hilo.

Nilipomaliza mwaka wa kwanza nikarudi likizo na kichwa kimevimba. Nikamwambia mama nitawatengenezea programu, waachane na lile kaunta buku lake. Akauliza, "Daftari lina shida gani?" Nikamjibu kwa hotuba. Nilimweleza daftari linaweza kuloa, kuungua, kuliwa na mchwa. Yote kweli. Lakini yeye alikuwa ameniuliza swali la baba, na mimi sikukaa kwenye kigoda.

Niliandika ile programu kwa wiki saba. Nilikuwa nimesoma kwamba kompyuta ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 inaweza kukujibu 0.30000000000000004, kwa sababu namba hizo kwenye mfumo wake wa tarakimu mbili, 0 na 1, haziishi, kama vile sisi theluthi moja inavyotutoa 0.333 bila mwisho. Basi mimi, mjanja, hela zote nikazitunza kama namba kamili. Nilijisikia injinia. Halafu nikafikiria mbali zaidi: mtaani hakuna sarafu inayotumika chini ya 50, kwa hiyo thamani ya hisa ikitoka na vichele, programu iipeleke kwenye 50 iliyo karibu zaidi. Ukizidi nusu unapanda, usipofika unashuka, kama tulivyofundishwa shule ya msingi.

Siku ya kuvunja kikoba, yaani kugawana akiba ya mwaka, mwishoni mwa Septemba, kikao kilihama kutoka mwembeni hadi barazani kwa mwenyekiti, kwa ajili yangu, maana laptopu ile bila umeme ni sinia. Waya ulipitishwa dirishani. Sandukuni mlikuwa na 4,684,300. Hisa zote za mwaka zilikuwa 1,846. Gawanya: 2,537 na ushei. Programu yangu ikasema hisa moja ni 2,550, na kina mama wakapiga vigelegele.

Malipo yakaanza kwa namba, maana wanakaa kwa namba zao. Namba moja akachukua chake, namba mbili, hivyo hivyo. Watu wanacheka, mmoja anatangaza kwamba mwaka huu nyasi zinashuka bati zinapanda. Namba 24 ni mtu mzima kuliko wote, anauza mihogo ya kukaanga. Alikuwa na hisa 62. Kwenye skrini: 158,100. Sandukuni zilikuwa zimebaki 135,100.

Mweka hazina akahesabu tena. 135,100. Akahesabu mara ya tatu, safari hii polepole, anaweka noti moja moja juu ya kanga aliyoitandika, na vidole vinamtetemeka. Hakuna aliyesema neno. Ila wale wenye funguo nikawaona kila mmoja anautazama ufunguo wake, na wengine wote wanamtazama yeye.

Mimi nilishajua. Nilijua kabla hajamaliza kuhesabu mara ya pili. Nilifungua ule mstari, nikauona. Mfukoni nilikuwa na 45,000 ya nauli ya kurudi Dodoma. Nikawaza nitoe 23,000 niziteleze chini ya mkeka, halafu nishangae pamoja na wengine zikionekana. Niliwaza hivyo kweli, na mkono ulishaingia mfukoni. Kutoka kujua hadi kusimama zilipita kama dakika nne. Zile 23,000 hazijawahi kuninyima usingizi. Hizo dakika nne ndiyo.

Nikasimama. "Mama zangu, samahanini sana. Mweka hazina hajapoteza kitu. Kosa ni langu, kwenye hesabu."

Nikaeleza habari ya 50 iliyo karibu. Namba 24 alinisikiliza hadi mwisho, mkono shavuni. Kisha akasema, "Mwanangu, hisa imetoka 2,537, wewe ukaifanya 2,550. Sasa hizo za kupandishia, ulikuwa unazitoa wapi?"

Nimeshasimama mbele ya walimu wenye shahada za uzamivu wakinihoji kazi zangu. Swali zuri kuliko hilo sijaulizwa.

Mama akafungua katiba, akaniambia nisome mwenyewe kwa sauti. Kifungu kilisema kinachobaki baada ya mgao kitaingia mfuko wa jamii. Miaka yote wamekuwa wakishusha: hisa moja 2,500, jumla 4,615,000, na zile 69,300 zinazobaki zinakuwa mwanzo wa mfuko wa mwaka mpya, wa wagonjwa na misiba. Hakuna aliyenificha. Kwao ni jambo la wazi kama kufunga mlango usiku, na mimi sikuuliza. Na kifungu chenyewe nilikichapa kwa vidole hivi hivi, kwa malipo ya ukurasa.

Kanuni yao ni kwamba hakuna anayeondoka kabla sanduku halijafungwa, kwa hiyo hela zote bado zilikuwa pale barazani. Kila mmoja akarudisha 50 kwa kila hisa. Mwenye hisa 110 akarudisha 5,500, akinisonya kidogo, haki yake. Namba 24 akapewa 155,000 yake. Zikabaki 69,300 kamili. Kisha mwenyekiti akasema kuvuruga hesabu ni faini 2,000. Mmoja akanitetea kwamba mimi si mwanachama. "Kikao kimehamishwa kwa ajili yake," mwenyekiti akajibu, "atakuwaje si mwanachama?" Wakacheka, nikalipa, mama akaandika jina langu kwenye kaunta buku. Yeye hakucheka. Njiani kurudi nyumbani alinyamaza hadi tulipofika kwenye reli, ndipo akasema, "Yule mwenzangu leo wamemtazama kama mwizi. Mbele ya watu anaokaa nao miaka." Basi. Hakurudia tena.

Usiku ule nilianza daftari ambalo ninalo hadi sasa. Lina safu nne: nilidhani nini, kumbe nini, nilijua lini, nilisema lini. Wanafunzi wengi wanaandika makosa ya msimbo; safu ya tatu na ya nne ndizo zangu. Mstari wa kwanza, tofauti ni dakika nne. Kuna mmoja wa mwaka wa pili, kazi ya kikundi, tofauti ni siku tatu, na kuuandika ulikuwa mgumu kuliko kosa lenyewe.

Programu nayo niliiandika upya, kwa penseli kwanza. Sasa kabla haijaonyesha kiasi cha mtu yeyote, inajumlisha malipo yote na kuyalinganisha na kilichomo sandukuni. Yakizidi hata kwa shilingi moja, inagoma. Na ukurasa wa kuvunja haufunguki hadi watu watatu waingize namba zao za siri, kila mmoja yake. Zile kufuli tatu nilikuwa nikiziona ushamba. Sasa nikisoma somo la usalama wa mifumo, mwalimu akieleza kwa nini mtu mmoja asiwe na uwezo wote, mimi akilini naona sanduku la bluu.

Kilichofuata ni fildi, yale mafunzo ya kazini, mwaka wa pili, kwenye kampuni ndogo Dar inayotengeneza mfumo wa tiketi za mabasi. Nilipewa kazi ya meseji za kuwakumbusha abiria. Kwenye mfumo, basi la alfajiri limeandikwa 06:00. Bosi akataka meseji iwe ya Kiswahili kinachosomeka, nami nikageuza saa kwa kuongeza sita: "Basi lako litaondoka saa 12:00." Nikajaribu, ikafanya kazi, nikaenda kula.

Siku ya pili abiria mmoja akafika stendi saa sita mchana na mabegi yake. Basi lilikuwa limeondoka alfajiri. Mkatisha tiketi akapiga simu ofisini, sauti inasikika hadi kwenye meza yangu. Nikafungua, nikauona mstari, nikainuka kwenda kwa bosi. Dakika mbili. Alisema tu, "Sawa, rekebisha," na abiria akapewa siti ya kesho yake bila malipo.

Zamani ningerekebisha nikanyamaza. Safari hii niliomba namba ya yule abiria nikampigia, nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamuuliza alisomaje ile meseji. Akanijibu kitu ambacho sikukiona kwenye kitabu chochote: "Mngeniandikia saa 12 asubuhi, ningejua. Lakini mmeandika 12:00, na nukta mbili zile. Hizo ni saa za kwenye simu." Kweli kabisa. Kiswahili kikiandikwa kwa nukta mbili na sifuri mbili, watu wengi wanakisoma kwa saa ya simu. Tukaandika "saa 12 asubuhi" na pembeni 06:00, hadi naondoka pale hatukupigiwa tena kwa kosa hilo. Baba angemaliza jambo hili kwa swali moja.

Sasa betri. Kabla ya kwenda fildi, kaka mmoja wa mwaka wa mwisho alinifuata kimbwetani. Alitaka nimwandikie projekti yake, anilipe 150,000. Boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limeshaisha, na nilikuwa nimechoka kuishi karibu na ukuta wenye soketi. Nikaandika. Ilikuwa kazi nzuri, na hilo ndilo linalouma. Siku ya kuitetea aliulizwa kwa nini alichagua kutunza data vile na si vinginevyo, akakosa la kusema, akaambiwa arudie. Hakunidai hela yake. Tukikutana ananisalimia vizuri, "Mambo vipi, fundi," nami najibu poa huku natazama viatu. Betri ninayotumia sasa ni hiyo. Inakaa na chaji saa nne. Wapo waliokuja baada yake na bei kubwa zaidi, nimekataa, lakini sijawahi kuwapa hotuba, maana sina pa kuisimamia.

Septemba ya mwaka huo wa pili, baada ya fildi, kina mama wakavunja kikoba tena. Nilidhani hawatanitaka. Mama akanipigia akasema wamekubaliana niende, ila daftari lihesabiwe kwanza, kwa sauti, kompyuta ifuate. Safari hii tulikaa mwembeni. Sanduku likawekwa katikati, kufuli ya kwanza ikafunguliwa, ya pili, ya tatu. Mwenyekiti akauliza waliacha shilingi ngapi, sauti 24 zikajibu kwa pamoja, mweka hazina akahesabu, ikawa ndiyo. Mama akapiga hesabu zake kwa kikokotoo na peni, akazungushia duara jibu lake, akafunika ukurasa kwa kiganja ili nisichungulie.

Wale watatu wakaingiza namba zao za siri mmoja baada ya mwingine, wakinigeuzia mgongo. Ukurasa ukafunguka. Nikawa natafuta pumzi ya kusoma, namba 24 akanyoosha mkono kunizuia.

"Subiri kwanza, mwanangu. Umepandisha au umeshusha?"

"Nimeshusha, mama."

"Haya, soma."